Mzee Kikohozi na Ufunguo Uliogoma

Sogeeni karibu, lakini msibanane. Hadithi hii ina joto, na kila mtu atahitaji nafasi ya kujipepea.

Palikuwa na msichana aitwaye Nakunda. Alikuwa na miaka sita, na pengo moja mbele.

Nakunda aliishi Same. Na siku ile, jua la Same lilikuwa kali. Kali kweli.

Kuku walitembea kwa ncha za vidole. Mjusi aliinua mguu mmoja, akaushusha, akainua mwingine. Mbwa aliingia kwenye beseni la kufulia, akakataa kutoka.

Na nje ya nyumba, palepale juani, alikaa Mzee Kikohozi.

Mzee Kikohozi hakuwa mtu. Alikuwa gari la Bibi.

Alikuwa na rangi ya kijani hapa na kutu pale. Alimzidi umri hata mama yake Nakunda. Kila alipowashwa alikohoa kwanza, kho, kho, kho, ndipo akaenda.

Bibi Nambua alimwendesha mwenyewe. Alikalia mito miwili ili aone barabara.

Siku hiyo ilikuwa siku kubwa. Mama alikuwa hospitali, katika mji wa jirani, na alikuwa amejifungua mtoto. Bibi na Nakunda walikuwa wanakwenda kuwachukua.

Nakunda alikuwa amelala siku tatu bila Mama. Usiku wa kwanza alijikaza. Usiku wa pili alijikaza kidogo. Usiku wa tatu hakujikaza kabisa. Alilia mpaka mto ukalowa.

Sasa Baba, aliyekuwa kule na Mama, akapiga simu. Alisema wako tayari. Wamekaa kwenye benchi, na mtoto amefungwa shali ya njano.

Alisema pia kwamba mabasi ya leo yamekwisha. Gari la Bibi lisipofika, Mama na mtoto watalala hukohuko.

"Tunakuja," Bibi akasema, na kiatu kimoja tayari kilikuwa mguuni.

Bibi akaingia garini upande huu. Nakunda akaingia upande ule.

Viti vilikuwa vya moto. Wakakaa, wakainuka. Wakakaa, wakainuka. Bibi akatandika khanga, ndipo wakakaa wakatulia.

Ufunguo nao ulikuwa juu ya dashibodi tangu asubuhi, unaota jua.

Bibi akaushika. Ssss. Akamrushia Nakunda. Ssss. Nakunda akamrudishia Bibi. Ukaruka huku na huku kama hindi lililotoka kwenye makaa.

Mwishowe Bibi akaushika kwa pindo la khanga. Akauchomeka kwenye tundu lake.

Kuingia, unaingia.
Kugeuka, haugeuki.

Bibi akajaribu tena. Akaupuliza kwanza, fuuu, akauchomeka.

Kuingia, unaingia.
Kugeuka, haugeuki.

Na tumboni mwa Nakunda kitu kikaruka, kama chura kwenye dimbwi. Chubwi.

Chura wa nini? Subirini, mtajua. Nakunda mwenyewe hakutaka kumwambia mtu.

Jirani yao alikuwa Fundi Sifueli. Alitengeneza baiskeli, na baiskeli hazina ufunguo. Lakini fundi ni fundi, hawezi kuona kitu kimegoma akakaa kimya.

Fundi akaja mbio. Akamwamkia Bibi, akainama, akachungulia kwenye tundu kwa jicho moja. Kisha akachungulia kwa jicho la pili, kama kwamba lile la kwanza lilimdanganya.

"Ni hili jua, Bibi," akasema. "Chuma kikipata joto huvimba. Ufunguo umevimba, tundu limebana. Mpeni Mzee kivuli."

Wakampa kivuli. Bibi akaleta shuka. Nakunda akaleta khanga mbili. Fundi akaleta turubai lenye matundu saba.

Wakamfunika Mzee Kikohozi mpaka zikabaki taa zake mbili tu, zinachungulia. Alionekana kama bibi harusi.

Jogoo akaruka juu ya paa kuangalia harusi. Shuka lilimsaidia, lakini si sana. Akashuka haraka kuliko alivyopanda.

Wakangoja. Wakangoja tena kidogo. Bibi akaingia chini ya shuka, akauchomeka ufunguo.

Kuingia, unaingia.
Kugeuka, haugeuki.

Chura akaruka mara mbili. Chubwi, chubwi.

Nakunda akajishika tumbo. Fundi akamuuliza kama ana njaa. Nakunda akatikisa kichwa, akaangalia vidole vyake vya miguu.

Mara akapita Mama Nanzia, muuza barafu. Alibeba ndoo kichwani, na ndani ya ndoo mlijaa barafu za ubuyu, nyekundu, katika vifuko vidogo vidogo.

Alipoona gari limevaa shuka, akataka kujua nani anaolewa. Wakamweleza. Mama Nanzia akatua ndoo chini.

Yeye alisema hawa watu wanahangaika bure. Uliovimba ni ufunguo, basi upoe ufunguo. Gari zima la nini?

Bibi akautumbukiza ufunguo kwenye ndoo, katikati ya barafu. Nakunda akahesabu mpaka ishirini. Kwa haraka aliyokuwa nayo, akairuka kumi na tano na kumi na nane.

Ufunguo ukatoka mwekundu. Ulikuwa umetoboa kifuko kimoja, na sasa ulikuwa umejaa ubuyu kuanzia kichwani mpaka menoni.

Fundi Sifueli akauchukua, akaulamba.

"Kazi lazima iwe safi," akasema. Akaulamba na upande wa pili.

Bibi akamnyang'anya kabla hajaumeza.

Sasa ufunguo ulikuwa baridi. Bibi akaushika kwa vidole vitupu. Wote wakabana pumzi. Hata mbwa kwenye beseni akaacha kuhema.

Kuingia, unaingia.
Kugeuka, haugeuki.

Chubwi, chubwi, chubwi.

Bibi akavua miwani, akafuta jasho. Kisha akachukua simu yake. Alisema itabidi amwambie Baba walale hukohuko, labda kesho.

Kesho.

Nakunda alilisikia neno lile. Usiku wa nne bila Mama. Shali ya njano kwenye benchi, inangoja, inangoja.

Moyo wake ukauma. Ukauma kuliko aibu.

"Bibi, usipige," akasema. "Ni mimi."

Basi akasema yote, na mimi ndipo nawaambia na nyinyi.

Asubuhi ile, Bibi alipokuwa anachuma mchicha, Nakunda aliingia ndani ya Mzee Kikohozi peke yake. Alikalia mito miwili. Akashika usukani. Akaendesha kwa mdomo, vruuu, vruuu.

Alikwenda Arusha. Alikwenda Dodoma. Alikwenda mwezini, akarudi kabla ya chai.

Lakini njia ya kurudi kutoka mwezini ina kona mbaya. Nakunda aliuvuta usukani kwa nguvu zake zote.

Tak.

Usukani ukaganda. Haukwenda huku, haukwenda kule. Nakunda aliruka chini, akakimbia, akanywa uji wake kimya kama mtu mwema. Na chura akaingia tumboni palepale.

"Nilimvuta Mzee mkono kwa nguvu," akasema, na machozi yakamtoka. "Hata shikamoo sikumpa."

Fundi akaacha kulamba kidole chake.

Bibi akamtazama Nakunda. Kisha akautazama usukani. Kisha akamtazama Nakunda tena, na uso wake haukuwa wa hasira.

"Umemvuta mkono mzee bila kumwamkia?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi mwamkie sasa."

Nakunda akafuta machozi. Akafuta na mikono, kwenye gauni, maana huwezi kumpa mzee mkono wenye kamasi.

Akaushika usukani kwa mikono miwili. Akapiga goti kidogo, kama alivyofundishwa. Bibi naye akashika ufunguo, tayari.

"Shikamoo, Mzee Kikohozi," Nakunda akasema. "Nisamehe."

Akautikisa mkono wa Mzee polepole. Huku kidogo. Kule kidogo. Huku kidogo. Kule kidogo.

Ndani ya usukani kitu kikaitika.

Tak.

Kuingia, umeingia.
Kugeuka...

Umegeuka!

Kho. Kho. Kho. Marrrrr-haba-haba-haba-haba-haba.

"Ameitikia," Nakunda akasema.

Mama Nanzia akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo yake. Fundi Sifueli akajikuna kichwa. Alisema sasa amekumbuka. Ndani ya usukani mna jino la chuma. Ufunguo ukiwa nje, ukauvuta usukani, lile jino linauma na haliachii, ili mwizi asiende na gari. Ukitaka liachie, uutikise usukani polepole huku unageuza ufunguo.

Bibi akamuuliza, na jua je?

Fundi akasema jua nalo lina kosa lake, kosa dogo. Hakutaka ionekane kwamba amelamba ufunguo bure.

Nakunda akajishika tumbo. Akasikiliza. Chura hayupo. Ameondoka bila kuaga.

Mama Nanzia akampa Nakunda barafu moja ya njiani, na Bibi akaondoa gari. Waliondoka upesi sana. Upesi mno, kwa sababu walifunua kioo cha mbele tu, wakasahau mengine.

Mzee Kikohozi akapita barabarani na shuka, na khanga mbili, na turubai lenye matundu saba, vyote vikipepea.

Wanawake waliokuwa sokoni wakamwona. Wakapiga vigelegele. Mwenye bodaboda akawapisha, akawapigia honi ya harusi.

Bibi akawapungia mkono. Alisema ukipewa vigelegele, pokea.

Na kule hospitali, kwenye benchi, alikuwapo Mama.

Nakunda hakungoja gari lisimame vizuri. Hapana, alingoja; Bibi alimshika gauni. Liliposimama, ndipo akaruka, akakimbia, akaingiza uso wake wote tumboni mwa Mama. Alibaki hapo muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.

Kisha Mama akafunua shali ya njano. Ndani mlikuwa na uso mdogo, umekunjamana, na mdomo unaopiga miayo.

Baba akauliza kwa nini gari limevaa nguo.

"Alikuwa anasikia joto," Nakunda akasema.

Kumbe na wao walikuwa na joto. Wakarudi nyumbani madirisha yote wazi. Haba-haba-haba, njia nzima.

Jioni ikafika. Kuku wakatembea kwa nyayo zote. Mbwa akatoka kwenye beseni, akajikung'uta, akamlowesha Fundi.

Bibi akamweka Mzee Kikohozi chini ya mwarobaini, ili kesho asubuhi awe kivulini. Ufunguo akautundika ndani ya nyumba, kwenye msumari, mbali na jua. Ulikuwa bado unanukia ubuyu. Sisimizi wawili walikuwa njiani.

Nakunda akatoka mlangoni. "Lala salama, Mzee," akasema. Hakumgusa usukani.

Kisha akapanda kitandani kwa Mama. Mtoto alikuwa amelala, mikono juu, ngumi zimefungwa.

Nakunda akamgusa ngumi moja kwa kidole. Ngumi ikafunguka, ikakidaka kidole, ikajifunga. Tak.

Mama akajaribu kukitoa kidole polepole. Baba naye akajaribu.

Kushika, ameshika.
Kuachia, haachii.

Bibi akacheka kutoka mlangoni.

"Nakunda, mwamkie. Mtikise mkono kidogo, ataachia."

Nakunda akafikiri. Akamtazama Mama, aliyekuwa hapohapo, karibu kabisa, si hospitali, si kwenye simu. Akaitazama ile ngumi ndogo.

Hakumtikisa.

"Kesho," akanong'ona. "Nitamwamkia kesho."

Akalaza kichwa kwenye mto, na mto ulikuwa mkavu. Akalala palepale, katikati ya Mama na mtoto, kidole chake kimeshikwa.

Na nje, chini ya mwarobaini, Mzee Kikohozi alikohoa mara moja, kho, akanyamaza mpaka asubuhi.