Maneno Kumi na Mawili ya Theresia

Theresia alikuwa mchoraji, ila rangi zake hakuzinunua dukani. Udongo mwekundu aliuchimba nyuma ya nyumba yake hapo Bigwa, chini ya milima ya Uluguru. Mweupe aliletewa kutoka mlimani. Rangi nyeusi ilikuwa masizi ya sufuria. Kila asubuhi aliutwanga udongo wake, akauchekecha, akauchanganya na gundi ya mbao. Kisha alichora watu wa Uluguru juu ya mbao alizorandiwa na mumewe Bonifasi, fundi seremala.

"Mama Eva, chai inapoa," Bonifasi aliita.

"Iache ipoe. Uso huu ukikauka siuwezi tena."

Kwa miaka mingi picha zake zilikwenda moja kwa moja. Mgeni alinunua, akaifunga picha kwenye gazeti, akaondoka. Theresia hakujua ilipoishia. Nyingine zilipata jina la mchoraji mwingine, na yeye hakuwa na la kufanya.

Mwaka huu jirani yake Rehema, mwalimu wa kompyuta chuoni, alimwonyesha njia mpya. Walipiga picha mbao saba kwa simu nzuri. Wakaziandikisha kwenye mtandao unaoitwa blokcheni. Kila picha ikapata hati yake ya kidijitali, ambayo wengi huiita tokeni. Hati hiyo inaonyesha nani kachora, na nani anamiliki hati hiyo leo. Ukumbi mmoja wa sanaa wa Dar es Salaam ulipenda kazi zile. Ungezionyesha Jumamosi kwenye skrini kubwa, kwa sharti moja: hati zote ziwe kwa Theresia mwenyewe.

Kati ya zile saba, moja ilikuwa sura ya marehemu mama yake. Ubao wake uliliwa na mchwa wakati wa masika, baada ya kupigwa picha. Picha ya kwenye mtandao, pamoja na hati yake, ndiyo iliyobaki. Theresia aliitazama kila siku kabla ya kuanza kazi.

Hati zilikaa kwenye pochi ya kidijitali, ndani ya simu. Siku ya kuifungua, simu ilitoa maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Rehema alimwambia ayaandike kwenye karatasi.

"Huu ndio ufunguo, mama. Usimpe mtu yeyote."

"Nimekuelewa, mwalimu," alisema Theresia.

Alielewa kweli. Ila moyoni aliongeza neno dogo: mtu yeyote, isipokuwa mjomba.

Usimcheke haraka. Theresia ni Mluguru, na kwao ukoo unafuata upande wa mama. Shamba, mipaka, hata ugomvi wa mgomba mmoja hupita kwa mjomba. Ukifungia kitu cha maana peke yako, watu wanauliza unaficha nini. Tena alikuwa na shinikizo la damu. Aliogopa sana. Alijiuliza, nikianguka leo, nani atajua picha ya mama ilipo?

Basi Jumapili baada ya Misa alipanda mlima hadi kwa mjomba wake, Mzee Gabrieli. Kikao cha ukoo kilikuwa kimejaa. Theresia alieleza habari ya picha, akatoa karatasi.

"Soma kwa sauti," alisema Mzee Gabrieli. "Jambo la ukoo halisemwi kwa kunong'ona."

Theresia alisoma maneno yote kumi na mawili. Binamu yake Geofrey, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, ndiye katibu wa ukoo. Aliyaandika kwenye daftari la mipaka ya mashamba, chini ya shamba la migomba. Watu walipiga makofi. Kisha Geofrey alifanya kama anavyofanya siku zote. Alipiga picha ukurasa ule, akautuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ili ndugu wa Dar na Mwanza nao wajue. Kundi lile lina watu zaidi ya mia. Wengine hata hajulikani nani aliwaingiza.

Theresia alishuka mlima akiwa mwepesi. Alilala usingizi mzuri.

Jumatatu asubuhi, akiwa anaosha vyombo, simu ililia. Kulikuwa na taarifa fupi: picha ya "Wabeba Ndizi" imehamishwa. Kwanza alidhani ni watu wa maonyesho. Alipoifungua pochi aliona picha sita. Ya saba ilikuwa imekwenda kwenye pochi ya mtu asiye na jina, bali namba ndefu tu.

Sahani ilimponyoka ikavunjika.

"Baba Eva! Wananiibia!"

Bonifasi alitoka na randa mkononi, akatazama mlangoni, akatazama dirishani. "Yuko wapi?"

"Humu!" Theresia alionyesha simu. Alikwisha kuvaa kandambili, moja yake na moja ya mumewe, akakimbilia kwa jirani.

"Shikamoo mama," alisema Rehema. Theresia hakuikumbuka hata marahaba. Alimnyooshea simu. Rehema aliiangalia, uso ukabadilika.

"Mama, yale maneno uliyaweka wapi?"

"Kwa mjomba."

"Mjomba peke yake?"

Theresia aliinamisha kichwa. "Na ukoo."

"Ukoo wote?"

"Na kwenye kundi la WhatsApp."

Rehema alivuta kiti akakaa. Hakumgombeza. Alianza kubonyeza simu haraka haraka.

"Tupige simu wabadilishe namba ya siri," alisema Bonifasi, aliyefika akihema. "Kama benki."

"Hapa hakuna benki, baba. Hakuna meneja wala dirisha la malalamiko. Mwenye yale maneno ndiye mwenye pochi. Mtandao haumjui Theresia, unayajua maneno."

"Basi wafute huo uhamisho!"

"Hawawezi. Hili ni daftari lenye nakala kwenye maelfu ya kompyuta. Hakuna wa kufuta mstari uliokwisha kuandikwa. Ndiyo maana wasanii wanalipenda. Tarehe uliyoiandikisha kazi yako haifutiki. Lakini mwizi naye akiandika mstari wake, haufutiki."

Theresia aliuliza, "Kwa hiyo mama yangu atakuwa mali ya mtu nisiyemjua?"

"Bado. Nafungua pochi mpya yenye maneno mapya. Tutazihamishia huko zilizobaki kabla hajazichukua. Tunahamisha moja moja, na mtandao leo ni mdogo. Tuanze na ipi?"

"Mama," alisema Theresia. "Anza na mama."

Rehema alibonyeza. Kwenye simu kulianza kuzunguka kiduara kidogo. Juu ya mlima mawingu yalikuwa yameshuka na mvua imeanza. Kiduara kilizunguka. Theresia alisali kimya kimya, akakosea maneno, akaanza upya. Kwa kweli hakuwahi kuogopa hivyo tangu siku ya msiba wa mama yake.

Simu ikalia. "Imefika," alisema Rehema. "Mama yuko salama."

Theresia alilia. Hakuwa na muda wa kulia sana. Wakahamisha ya pili, kisha ya tatu. Walipoitafuta ya nne, "Msusi wa Bigwa", haikuwepo. Mwizi alikuwa ameichukua wao wakiwa wanatazama. Rehema hakusimama. Mbili za mwisho zilipita. Kati ya saba, tano zilikuwa zimeokoka.

Mara simu ya Theresia iliita, namba asiyoijua. Sauti ya upole ilisema, "Mama, mimi ni fundi wa mtandao. Nimeona umeibiwa. Nitajie maneno ya pochi mpya nikurudishie picha zako mbili."

Jinsi Theresia alivyozitaka! Alimtazama Rehema, na Rehema akatikisa kichwa.

"Maneno yangu hayatajwi," alisema Theresia, akakata simu mwenyewe.

"Hapo umefaulu," alisema Rehema. "Fundi wa kweli hakuombi maneno hayo hata siku moja."

Mchana ule walifanya kazi. Walihifadhi ushahidi wa zile hati mbili. Waliripoti polisi. Wakauandikia ukumbi wa sanaa na soko la mtandaoni ambako hati kama hizo huuzwa, wakaeleza kila kitu.

"Sasa kwa zile mbili, mwizi ndiye mwenye picha?" Bonifasi aliuliza.

"Ana hati ya wizi. Mbao ziko nyumbani kwenu. Na haki ya mchoraji, ya kusema nani achapishe kazi hii, haiendi na hati isipokuwa mmeandikiana. Hata mnunuzi halali anatakiwa kuelezwa hivyo mapema. Jambo jingine, mama: bei za vitu hivi hupanda na kushuka vibaya. Usiache kuuza mbao zako."

Jumamosi picha tano zilionekana kwenye skrini kubwa Dar es Salaam. Mbao za zile mbili zilizoibwa zilitundikwa ukutani, na karatasi ya maelezo pembeni. Watu walizitazama zaidi ya nyingine zote. Mnunuzi mmoja alinunua hati ya "Mkunga", mojawapo ya zile tano. Mkataba ulisema akiiuza tena, Theresia atapata sehemu yake. Sura ya mama iliandikwa: haiuzwi.

Jumapili Theresia alipanda tena mlimani. Ukoo ulikuwa tayari umesikia. Geofrey alikaa nyuma, hakumtazama.

"Mimi ndiye niliyesema usome kwa sauti," alisema Mzee Gabrieli. "Kosa ni langu."

"Na langu, mjomba. Nilikatazwa nikajifanya sijasikia."

Theresia alieleza. Maneno ya zamani sasa yanafungua pochi tupu. Maneno mapya hayako kwenye simu, wala hayajapigwa picha. Ameyaandika mara mbili. Karatasi moja iko nyumbani, kwenye kabati lenye kufuli. Nyingine imo kwenye bahasha hii, imefungwa kwa gundi, na sahihi yake imepita juu ya mfuniko. Akifa, mjomba aifungue mbele ya Bonifasi. Kabla ya hapo, isifunguliwe na mtu.

Minong'ono ilianza. Shangazi mmoja aliuliza, "Sasa ukoo utashuhudia nini, kama hatuoni kilichomo?"

Geofrey alishika kalamu, hajui aandike nini. "Mjomba?"

Mzee Gabrieli alikuwa amesoma kwa sauti kila karatasi ya ukoo tangu Geofrey hajaota ndevu.

"Andika, Theresia ameleta bahasha. Imefungwa."

Kisha alimwinamia Theresia, na kwa mara ya kwanza kwenye kikao alinong'ona. "Dada yangu yumo humu?"

"Yumo, mjomba."

Mzee aliishika bahasha kwa mikono miwili. Kidole gumba kilipita juu ya gundi, kikasita. Akaiweka kwenye sanduku la karatasi za ukoo bila kuifungua.