Kikosi cha Anselm

Haya yalimpata rafiki yangu Anselm, fundi seremala wa Tabora, mwaka ule mama yake alipohamishwa kwa nguvu kutoka shamba lake la Lusu kupelekwa kijiji cha ujamaa. Hasira za Anselm zilimwangukia kila aliyekuwa karibu.

Alikuwa na vinyago kumi na viwili vya madini ya risasi, askari wa Kizungu wenye urefu wa kidole. Aliwakata kofia, akawatia mikuki ya waya na kuwapaka rangi upya, wakawa rugaruga, wale wapiganaji wa kukodiwa wa enzi za misafara. Aliwapiganisha mezani na kikosi cha Pradip muuza duka, rula ikipima hatua na dadu ikiamua nani ameanguka. Meza ilikaa stoo isiyo na dirisha, na wote wawili walikuwa na ufunguo.

Jumamosi mchana alifuata brashi stoo, akakuta kikosi chake kimesogea hadi ukingoni mwa meza. Akaenda dukani kwa Pradip.

“Kwa nini unaniharibia mchezo?”

“Ndugu yangu, nimeshuka sasa hivi kwenye treni. Tangu Jumatano nilikuwa Tura.”

“Mwongo wewe. Twende ukaone.”

Mlangoni wakasikia, mle gizani, kitu kikikwaruza mbao kwa hatua zinazolingana, kama msafara unaopita. Anselm akaupiga mlango teke. Sauti ikakoma. Akapapasa mezani, akamnyakua askari mmoja, akamtoa nje kwenye mwanga.

Rangi ya usoni haikuwa na mkwaruzo. Lakini nyayo zilikuwa zimelika zote, na miguu ilikuwa imesagika kwa kutembea hadi magotini.