Sakania Iliwaka

Wakati vita ilitoa bantu Goma, agence moja ya camions za muzigo ya Bel-Air, Lubumbashi, ilijaa magunia, matela na kelele. Pale njo Dorcelle, mwenye kukimbia na mama yake Hortense, muuza pagne za kitenge, aligongana na Guelord. Kijana huyu alikuwa anasafiri na camions, tena njo alitengeneza site ya agence kwenye internet. Shati yake ya bleu ilipigwa pasi muzuri. Pagne ya Dorcelle, vumbi mpaka magoti.

"Pole, dada. Ule muzigo iko nguvu kukupita."

"Basi beba. Huruma haibebi."

Akabeba. Toka siku ile telefone zao hazikunyamaza tena.

Lakini Mama Hortense alichoka kuishi kwa bantu. Alitaka waende Zambia kwa kaka yake Emery. Dorcelle alikawisha, juu ya Guelord, aliyemwahidi kwamba akitoka safari ya Kasomeno ataongea na Mama.

Juu kabisa ya site miji ilipangwa, kila muji na page yake: Lubumbashi, Kasomeno, Sakania. Mbele ya kuondoka, Guelord alimwonyesha namna jina moja linageuka rangi ya chungwa, lakini camion ikapiga honi na hakueleza sababu.

Na Sakania njo alikaa Brigitte, mchumba wa zamani wa Guelord.

Guelord akiwa safarini, roho ya Dorcelle ilikosa kutulia. Akafungua site, akabonya Sakania. Jina likawaka rangi ya chungwa. Hakusoma kitu kingine. Alizima telefone, akamwambia mama yake wafunge mizigo.

Guelord aliporudi, aliwakuta kwenye bus ya Zambia, Mama Hortense akiomba Mungu kimya kimya, sakoshi yake ya mkononi kwa magoti.

"Ulikuwa Sakania," Dorcelle akasema. "Kwa Brigitte. Site yako yenyewe ilinionyesha. Jina liliwaka."

Guelord alitazama viatu vyake, vyekundu kwa matope ya barabara ya Kasomeno. Kisha akauliza polepole:

"Chérie, nani alibonya Sakania?"

"...Ni miye."

"Basi njo weye ulikuwa Sakania. Ile rangi haionyeshe camion, haionyeshe miye. Inaonyesha mwenye kusoma page kwenye iko, asipotee."

Mama Hortense akacheka, mara ya kwanza tangu Goma. Dorcelle alifunika uso na kitambaa. Akasema tangu walikimbia, kila muntu anayeondoka anamuona kama hatarudi.

Guelord hakumgombeza. Alifungua site, akamupa telefone.

"Bakubwa bangu banangoja siku ya kuja kwa Mama kukuposa. Kama munaenda, mutaniacha na maombi tu. Lakini unijibu, Dorcelle. Weye uko wapi?"

Convoyeur, konda wa bus, alikuwa anaita bantu ba mwisho. Dorcelle akapangusa macho, akabonya Lubumbashi. Jina likawaka.

Mama Hortense hakungoja kuulizwa. Alisimama, akaenda kumwambia convoyeur ashushe mizigo yao.