Seva Iliyozimwa Jumapili

Rafiki yangu Oduor hujiita daktari wa database, na wala hacheki akisema hivyo. Jumapili moja, watu wakiwa kanisani, alienda kuweka update kwenye seva ya hospitali fulani Nakuru. Kazi alikuwa ameihamishia kwenye kopi ya seva hiyo iliyoko Naivasha, ili wagonjwa wasikwame. Seva ilipohitaji kuzimwa na kuwashwa tena, mvivu huyo alizima swichi ya chumba kizima, hadi taa. Giza likamfunika, feni za seva zikanyamaza hadi akasikia pumzi yake mwenyewe.

Awuor, mwenzake wa Naivasha, akampigia simu. "Boss, mbona hujazima? Seva yako bado inanitumia rekodi mpya."

"Nimezima kila kitu," Oduor akanong'ona.

"Ongea kwa sauti, bana! Hizo feni za seva yako zinanipigia kelele kwenye simu."