Kwa Nini Nzioka Aliacha Kazi

Mwaka wa 1986, kila mzazi wa mji mdogo wa Tawa alilijua duka la Kalondu, ambaye watu walimwita Mama Muli. Alishona yunifomu za shule. Kwenye baraza kulikuwa na cherehani tatu. Ndani kulikuwa na meza ndefu, na hapo ndipo Nzioka alisimama kila siku akikata vitambaa.

Nzioka alikuwa fundi hodari. Alimtazama mtoto mara moja tu, akakata, na nguo ikamkaa sawasawa. Mama Muli aliliona hilo, lakini hakuwahi kumwambia. Aliogopa kwamba akimsifu, ataanza kuringa.

Siku moja duka lilikuwa limejaa wateja. Nzioka akamwita "mama" kwa lugha ya kwao: "Mwaitu, kaptula za wavulana zinatoboka haraka huku nyuma. Wanakalia mawe. Tuweke kitambaa cha pili kwa ndani."

"Nani amekuuliza?" Mama Muli akafoka. "Mimi nalipa mikono yako, silipi mdomo. Kata!"

Wateja wakacheka. Nzioka akainamisha kichwa.

Baadaye Mama Muli alifikiria yale maneno, akaona ni kweli. Akaamuru kaptula ziwekwe kitambaa cha pili. Muhula ulipoisha, mwalimu mkuu wa shule moja alikuja akitabasamu.

"Kaptula za safari hii ni ngumu sana! Hiyo akili ilikuwa ya nani?"

"Ni yangu, mwalimu," Mama Muli akajibu.

Nzioka alikuwa hatua tatu kutoka pale. Alisikia kila neno.

Mwisho wa mwezi alikuja asubuhi amevaa nguo za kanisani. Akaweka ufunguo wa duka juu ya meza.

"Mwaitu, leo naaga. Nimepata kazi Nunguni."

Mama Muli akadhani ni mzaha. "Wamekuahidi pesa ngapi? Mimi nitaongeza."

"Mshahara ni ule ule."

Mama Muli alipigwa na butwaa. Miaka saba, halafu mtu anaondoka kwa mshahara ule ule? Nzioka alimpa mkono, akatoka.

"Aende!" Mama Muli akamwambia Mutindi, mwanamke aliyeshona kwenye cherehani ya kwanza. "Kukata ni kazi gani? Nitakata mwenyewe."

Alikata kaptula arobaini. Mutindi alishona ya kwanza, akaiinua.

"Mwaitu, hii haitamwingia mtoto. Hukuacha nafasi ya mshono."

"Na zile zingine?"

"Zote ziko hivi."

Mama Muli alikaa chini juu ya vipande vya kaki. Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki iliyofuata.

Salim, mfanyabiashara aliyemletea vitambaa kutoka Kitui, alimkuta hapo. Salim naye alikuwa na mafundi wake mjini, na wengi walikuwa wamekaa naye zaidi ya miaka kumi. Mama Muli alimweleza yote.

"Alipokuwa hapa, ulimwambia lini kwamba kazi yake ni nzuri?" Salim akauliza.

Mama Muli akaanza kuokota vipande vya kaki.

"Akikosea, unamwita kando?"

"Namwambia hapo hapo."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Mama Muli, fundi mzuri hakosi mahali pa kwenda. Mlipe vizuri, ndiyo. Lakini pia msikilize. Akikosea, mweleze faraghani. Akifanya vizuri, mtaje kwa jina, hata mbele ya wateja. Ukichukua sifa yake, umemwibia."

Neno hilo lilimchoma. Hakuna mtu aliyewahi kumwita mwizi. Akamgeukia Mutindi.

"Ni kweli?"

Mutindi alitazama sindano yake. "Mwaitu, hata mimi nilikuwa nimeamua kuondoka Desemba."

Mama Muli akauliza gari la Nunguni lilikuwa linapita lini.

Alhamisi alikwenda Nunguni. Alimkuta Nzioka kwenye meza mpya, akamwomba msamaha mbele ya tajiri wake. "Ile akili ya kaptula ilikuwa yako. Nilidanganya."

Nzioka alimsikiliza mpaka mwisho. "Nimekusamehe, Mwaitu. Lakini hapa nimeshatoa ahadi. Sirudi."

Mama Muli alirudi Tawa peke yake. Alimwendea mwalimu mkuu, akamwambia ukweli, akaomba wiki mbili zaidi. Halafu akawaita mafundi wake, wakakaa pamoja.

"Nifanye nini tofauti?" akawauliza.

Mara ya kwanza mafundi walirudi tu kwenye cherehani zao. Wiki ya pili Mutindi aliomba kujifunza kukata. Aliharibu vipande vitatu. Mama Muli akauma midomo, akamwita nyuma ya duka, akamwonyesha polepole. Haikuwa rahisi. Mara mbili alifoka tena, na mara zote mbili akarudi kuomba radhi.

Mwaka mmoja na nusu ukapita. Siku ya soko, Salim alileta vitambaa na habari.

"Mutindi ana bahati. Mwezi uliopita tajiri mmoja wa Machakos alimtaka awe fundi mkuu."

Mama Muli akamkimbilia Mutindi mezani.

"Mutindi! Mbona hukuniambia?"

Mutindi hakuacha kukata.

"Ningekuambia nini, Mwaitu? Nilikataa."