Divai ya Mafundi

"Hiyo utainywa ukiwa babu," sauti ya kike ilisema nyuma yake.

Fundi lifti aligeuka, sanduku la vifaa vya kutengenezea divai nyumbani kifuani. Duka lilifurika watu, vigari vikigongana. Na katikati ya zogo hilo alisimama mwanamke wa gauni la kijani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kama mkufu.

"Babu kivipi?"

"Nyekundu nzito hiyo, lazima ilale sana ndiyo itulie. Una shughuli?"

"Sherehe ya kazini, mwisho wa mwaka."

"Basi chukua nyeupe nyepesi, hii ya pichi. Na maandishi ya sanduku yasikudanganye. 'Tayari' yao ni tayari kutiwa chupani. Tayari kunywewa ni habari nyingine."

"Unauza hapa?"

"Nashona mapazia. Shangazi yangu ndiye aliyekuwa na ndoo ya divai jikoni. Wewe nani?"

"Kazini wananiita Spika, kama ya redio. Sinyamazi."

"Tutaona," akacheka.

Spika alikuwa na lake moyoni. Sherehe iliyopita, wakubwa walinywea bilauri, mafundi wakapewa vikombe vya plastiki, na meneja akatamka mbele ya wote kwamba koo la grisi halijui divai. Wapo wanaosahau; yeye hakusahau. Spika aliwaapia wenzake: safari hii tutaleta yetu, tuwanyweshe wao.

Wakakubaliana waitengeneze pamoja, na ndoo ikawekwa jikoni kwa mshonaji, ikitoa povu na kupumua. Kila jioni Spika alipita "kuiangalia".

"Umekuja kuona divai au kuniona mimi?"

"Divai. Wewe nakukuta njiani tu."

Mchana alipiga simu kutoka juu ya lifti. "Mpenzi, bado inapumua?"

"Imenyamaza. Ingekufundisha."

Wakaitia chupani. Mshonaji akaonja, akafinya jicho. "Iache ilale. Bado inachoma."

"Sherehe haitungoji."

"Mvumilivu hula mbivu."

"Na mwenye haraka?"

"Hunywa mbichi, mpenzi wangu." Lakini alimpa, kwa kuwa alimpenda. Chupa moja akaibakiza nyuma ya majora ya vitambaa.

Siku ya sherehe mshonaji alivaa lile gauni la kijani, akasimama mezani akimimina. Meneja akanywa funda moja, akalitema kwenye chungu cha maua.

"Nani kaleta siki hii?"

Mafundi wote wakamtazama Spika. Na Spika, ambaye hata lifti iliyokwama haikumziba mdomo, akarudi nyuma hatua moja.

"Sijui, bosi. Nadhani ni ya huyo mama wa mapazia."

Mshonaji aliiweka chupa taratibu, akafuta mikono, akatoka. Hakumtazama. Afadhali angemtukana.

Kesho yake, fundi mwenzake alimwambia neno moja tu: "Umekatika waya, Spika."

Spika alimpigia mshonaji simu mpaka ikapokelewa.

"Mama wa mapazia anasikiliza."

"Mpenzi, nisamehe..."

"Hapa hakuna mpenzi, kuna mapazia. Una madirisha mangapi?"

Simu ikakatwa. Aibu ilimshika kama homa. Chakula kikawa majani mdomoni. Baada ya wiki kadhaa alimsubiri meneja kwenye lifti iliyojaa watu, akamkabili.

"Bosi, ile divai ilikuwa yetu mafundi. Mimi niliiharakisha, na yule mshonaji alinikataza. Nikamsingizia yeye kwa woga."

Meneja akamkunjia uso. "Divai gani?" Akabonyeza kitufe.

Alikuwa ameshasahau. Spika alimuuza mpenzi wake kwa mtu asiyekumbuka hata bei.

Akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha ushonaji, akasimama mlangoni, kofia mkononi, akaeleza yote, na hilo la meneja pia. Cherehani haikusimama mpaka alipomaliza. Kisha mshonaji akaitoa chupa nyuma ya majora, akamimina bilauri moja, akampa.

Ilikuwa laini, yenye harufu ya pichi, bila mchomo hata kidogo. Machozi yakamlenga. Hii ndiyo ambayo wenzake wangeinywa vichwa juu.

"Divai imeiva," mshonaji alisema. "Wewe je?"

Spika akaangalia viatu vyake. "Bado."

"Angalau leo hukusema uongo." Akaiziba chupa, akaondoa vitambaa kwenye kiti cha pili, akamrushia ncha ya pazia refu. "Kaa. Nishikie upindo huu. Na unyamaze kidogo."