Mwalimu Wangu wa Mtihani Alitaka Nibaki Jikoni

"Huyo haendi popote! Afanye mitihani mia, kazi hapati. Nimeshapanga."

Nilikuwa koridoni, nimebeba sahani za watoto. Nikaganda pale pale...

Sauti ilitoka chumbani kwa Da Ingrid. Dada aliyenipokea Kigali! Dada anayeniombea kila Jumapili kanisani nipate kazi!

Alikuwa anaongea kwa simu na rafiki yake wa Bujumbura. Kaweka spika, anacheka.

"Yewe Ingrid! Una roho mbaya wewe!"

"Wapi roho mbaya, sha? Iko anakula, iko analala. Akipata kazi, hawa watoto nitawaacha na nani?"

Wakacheka wote wawili.

Jamani, nyie mnaonisoma... mmewahi kusikia maisha yenu yanachekwa nyuma ya ukuta? Nikarudi jikoni polepole, nikaosha zile sahani kana kwamba sijasikia kitu.

Naitwa Winifred. Nimekulia Karagwe, Tanzania. Baba yangu na baba yake Ingrid ni ndugu wa tumbo moja, ila enzi za ukimbizi mmoja aliangukia Tanzania, mwingine Burundi. Ndiyo maana pale nyumbani kwake, mtaa wa Rebero, tulikuwa tunaongea Kiswahili.

Nilifika kwake na digrii yangu ya uhasibu kwenye bahasha.

"Kaa hapa wiki chache, mdogo wangu, mpaka upate kazi."

Wiki chache zikawa miaka! Nikawa mimi ndiye wa kupika. Mimi wa kufua. Mimi wa kuwapeleka watoto shule na kuwarudisha. Nilichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: kazi yangu, nipange chumba changu, nitoke kwenye jiko lile.

Sasa, kazi za siku hizi hukuti wanaanza na uhasibu. Wanaanza na mtihani wa kufikiri. Unapewa habari fupi, halafu hitimisho. Unachagua: kweli, si kweli, au taarifa hazitoshi. Ukianguka hapo, hakuna atakayefungua bahasha yako.

Na Da Ingrid ndiyo kazi yake! Yupo ofisi ya rasilimali watu, mitihani hiyo anaijua kama Baba Yetu. Akajitolea kunifundisha mwenyewe, pale mezani, watoto wakishakula.

"Sikiliza. Jumatatu mvua ilinyesha. Jumatatu hiyo wafanyakazi wengi walichelewa. Hitimisho: walichelewa sababu ya mvua. Jibu?"

"Kweli," nikasema. "Mvua ikinyesha Kigali pikipiki zote zinasimama, watu wanajibanza kwenye mabaraza."

"Nani amekuuliza pikipiki? Kwenye maandishi iko pikipiki?"

"Haipo."

"Basi! Taarifa hazitoshi. Unayoyajua wewe yaache mlangoni. Jibu kilichoandikwa, kwisha."

"Na maelekezo ya mwanzo wa mtihani?" nikauliza.

"Ruka, nimeshakueleza. Usipoteze muda."

Nikafanya mtihani wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Kila mara Da Ingrid alirudi kutoka kazini akanishika bega.

"Pole, mdogo wangu. Wameandika hujapita."

Majibu yalikuwa yanakwenda kwake, kwa sababu kasimu kangu kalikuwa ka tochi, kanajizimia ovyo, hata barua pepe hakafungui. Nilikuwa naandika namba yake na barua pepe yake. Nililia mpaka nikaanza kuamini kwamba mimi ni mjinga, na ile digrii walinihurumia tu.

Sasa rudini pale jikoni, siku ile ya simu.

Kichwa kilikuwa kinachemka. Hapati... nimeshapanga... Kapanga nini?

Mara nikaelewa. Kumbe ananifundisha uongo!

Kila kitu kikakaa sawasawa. Bosi gani duniani anataka mfanyakazi ambaye kila akiulizwa anajibu "taarifa hazitoshi"? Si atamwona mzigo? Na nimefuata mafundisho yake mara tatu, mara tatu nimeanguka! Ushahidi gani tena niliutaka?

Nikakimbilia mtaa wa Rwezamenyo kwa rafiki yangu Raihana, fundi cherehani. Nikamwaga yote.

"Wallahi huyo nyoka!" Raihana akasimamisha mashine. "Sasa utafanya nini?"

"Kuna mtihani mwingine wiki ijayo, Kacyiru, pale pale nilipofanya ule wa kwanza. Nitajibu kinyume cha yote aliyonifundisha. Atajuta!"

"Na majibu yakitoka yanakwenda kwa nani?"

"Kwake."

"Weye! Badilisha leo hii, andika namba yangu. Asijue chochote."

Tukabadilisha. Nikarudi Rebero, nikampikia isombe yake, kile kisamvu anachokipenda, nikamsikiliza akinifundisha, nikawa naitikia "ndiyo dada, ndiyo dada." Moyoni nilikuwa namzomea.

Siku ya mtihani nikaingia ukumbi wa kompyuta kifua mbele. Maelekezo yakaja. Nikaruka, kama siku zote.

Swali: Kampuni iliwapa madereva mafunzo. Mwaka huo ajali zilipungua. Hitimisho: mafunzo ndiyo yaliyopunguza ajali.

Nikasikia sauti ya Ingrid masikioni. Taarifa hazitoshi...

Thubutu! Mtu mzima haoni? Wamefundishwa, ajali zimepungua. Nikabonyeza "kweli."

Nikaenda hivyo mpaka mwisho. Kila mahali ambapo angesema taarifa hazitoshi, mimi niliamua. Nilitumia kila ninachokijua, ya Karagwe na ya Kigali. Nilitoka pale natabasamu peke yangu barabarani, nawaza sura yake nitakapomwambia nahama!

Ujumbe ukaingia kwenye simu ya Raihana. Akausoma. Akanipa nisome mwenyewe.

Nimefeli. Tena vibaya mno...

"Haiwezekani!" nikapiga kelele. "Nakwenda kukata rufaa!"

Kesho yake asubuhi nikawa Kacyiru, mbele ya meza ya ofisa mmoja wa mitihani anaitwa Évode. Kinyarwanda changu kina lafudhi ya Karagwe, akasikia, akanihamishia Kiswahili.

"Iko shida gani, dada?"

"Nimeonewa. Hizi alama si zangu."

Akaandika jina langu kwenye kompyuta. Akakunja uso. Akanitazama, akatazama tena kioo.

"Winifred... wewe si ulifanya mtihani hapa mwaka jana?"

"Nilifanya. Nikafeli."

"Kufeli?" Akacheka kidogo. "Dada, mwaka jana ulikuwa wa kwanza."

"Wa kwanza nini?"

"Wa kwanza kwa wote! Mimi mwenyewe nilikupigia simu uje kuanza kazi. Ukanijibu umepata kazi kwingine, asante, tumpe mwenzako. Tukampa."



"Namba gani ulipiga?"

Akanisomea. Ilikuwa ya Da Ingrid.

"Sasa mwaka huu sijui umepatwa na nini," Évode akaendelea, hajui anachonifanya. "Maelekezo ya mwanzo yanakwambia tumia yaliyo kwenye maandishi tu. Mwaka jana ulijibu vizuri ajabu. Safari hii umejibu ya kichwani mwako. Ungejibu kama ile mara ya kwanza, kazi ilikuwa yako."

"Hakuna namna?"

"Pole, dada. Umefeli, umefeli."

Mnaelewa nilichojifanyia, wapenzi wasomaji? Alinifundisha ukweli mtupu! Nilikuwa napita! Alichokuwa anaiba ni simu. Na ile mara moja, mara moja tu, niliyoiziba njia ya simu... ndiyo mara niliyoyatupa mafundisho sahihi kwa mikono yangu!

Ile mitihani mingine miwili sikwenda kuuliza. Niliogopa jibu.

Nilimkuta Da Ingrid mezani anakunywa chai.

"Ulipokea simu yangu ya kazi ukasema mimi sitaki?"

Hakukana. Akaongeza sukari.

"Nani amekwambia?"

"Na mimi nikadhani unanifundisha vibaya!"

Hapo ndipo alipokasirika. Kwa Mungu naapa, aliudhika kweli kweli!

"Mimi? Nikufundishe vibaya? Sha, mimi kazi yangu naijua. Usinivunjie heshima."

"Sasa kwa nini ulinifundisha, kama hukutaka nipate?"

Akanitazama kama mtoto aliyeuliza swali la kijinga.

"Sababu mtu anayesubiri majibu hafungi mizigo. Ungekaa hapa bila matumaini, ungenitoroka zamani."

Akakoroga chai.

"Watoto wanatoka shule sasa hivi. Utakwenda kuwachukua ama?"

Sikujibu. Nikachukua bahasha yangu na nguo zangu, nikaondoka. Nilisikia mdogo wao, ambaye hajaanza shule, ananiita kutoka getini kwa jirani, sikugeuka. Hilo nalo linaniuma mpaka leo.

Sasa nipo kwa Raihana, nashona vifungo.

Mngedhani imeishia hapo. Juzi nimesikia Da Ingrid kaleta msichana mwingine. Ariane, binti wa shangazi yetu, katoka Bujumbura na diploma yake. Anapika, anafua, anafundishwa mtihani!

Nikaomba simu ya Raihana, nikampigia.

"Ariane, mdogo wangu, nisikilize vizuri. Usiandike namba ya Da Ingrid popote! Huyo mwanamke atakumaliza!"



"Dada Wini," akasema kwa upole, "yeye aliniambia utanipigia. Alisema ulifeli, ukamchukia."

"Uongo!"

"Hukufeli?"

"Nilifeli, ila..."

"Na mimi sikumwamini hivi hivi, dada. Yale anayonifundisha niliyatafuta mtandaoni, nikalinganisha. Iko sawa yote. Mtu mbaya angenifundisha ukweli?"

Nikaanza kueleza, maneno yakagongana. Akaniaga kwa heshima zote, akasema watoto wana njaa. Akakata. Tangu siku hiyo akiona namba ya Raihana hapokei.

Funzo langu ni hili, mlichukue au mliache. Ukisikia mtu anakupangia mabaya, shika alichosema, usimjazie asichosema. Kagua kila mahali mkono wake unapofika: simu yako, barua pepe yako, jina lako mdomoni mwake. Mimi nilishuku mafundisho yake, kumbe ndiyo sehemu pekee iliyokuwa safi.

Na kama kuna mtu hapa anaishi Rebero na anamfahamu Ariane, tafadhali mwonyesheni hii. Mimi hanisikilizi tena.